Mume Wangu Anapenda Ndevu Zangu, Mimi Nataka Mtoto

Admin, jina langu lifiche, Gisenyi tunajuana. Nina miaka 31, ni fundi cherehani, nilikulia Tanzania kabla wazazi hawajarudi Rwanda. Ndoa yangu ina miaka sita, mtoto sina, na nimechoka.

Nina ndevu kidevuni. Msicheke. Usichana wangu wote nilikuwa nazinyoa kwa siri, mpaka nilipokutana na mume wangu, anayeuza vitenge mpakani. Familia yake ilitoka Kongo, na kwao wanaamini mwanamke mwenye ndevu ana bahati. Akaniambia nisizinyoe tena. Nililia siku ile, kwa furaha. Tangu tuoane biashara ilimnyookea, na hatoki asubuhi bila kunigusa kidevu.

Lakini hedhi yangu huja inapotaka. Mwaka huu nikaenda hospitali peke yangu. Daktari akanieleza kwamba ovari za kila mwanamke hutengeneza homoni ya kiume kidogo, na sehemu yake hugeuzwa kuwa ya kike. Zangu zinaitengeneza kupita kiasi. Ndiyo inayootesha ndevu, na ndiyo inayofanya mayai yaanze kukua yakaishia njiani. Akasema tuanze na dawa za kuishusha, ndevu zitapungua polepole, halafu tujaribu dawa ya kukomaza yai. Mtoto hakuniahidi.

Nikamweleza mume wangu. "Bon, we unataka kufukuza baraka ya nyumba?" akasema. "Ile ndevu njo ilitufikisha hapa. Usiiguse."

Mama mkwe anakaa Rugerero, mambo ya homoni hayajui. Jumapili moja tulipokuwa mezani kwake alisema mbele ya mashemeji zangu, "Mi nataka mujukuu. Ndevu haitaniita nyogokuru." Yaani bibi. Mume wangu akainamia sahani yake, hakunitetea.

Basi nikaanza kumeza dawa kimyakimya. Nazificha chini ya vitambaa vya wateja. Mwezi uliopita hedhi ilikuja kwa wakati wake, na mwezi huu tena. Ndevu nazo zimeanza kupungua. Juzi mzigo wake wa vitenge ulikamatwa mpakani. Jana asubuhi alinigusa kidevu, akaacha kidole pale muda mrefu. Leo ametoka bila kunigusa.

Huyu ndiye mtu wa kwanza kunipenda nilivyo, na mtoto ninayemtaka ni wake. Kidonge cha leo ninacho mkononi, sijakimeza. Ndugu zangu, nikimeze?