Mpishi wa Kisiwani Alivyogawanywa Mbozi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mhuri wa tarehe na kitambaa cha kufutia vumbi, nikaambiwa nisiguse kitu kingine. Ilikuwa maktaba ya mkoa pale Mbeya, miaka michache baada ya Uhuru, nami nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Mkutubi wa Mkoa, yaani mkubwa wa maktaba zote za huku kwetu, alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Unapenda kusoma, binti?" aliniuliza.

"Napenda sana, bwana."

"Basi utateseka. Hapa tunatunza vitabu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania, na kwa muda mrefu nilimwogopa.

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea kuusikia mkoa wa Songwe. Wakati ule haukuwapo. Sisi wa Mbozi, wa Tunduma na wa Ileje sote tulikuwa watu wa Mbeya. Kazi ya maktaba nayo haikuwa ya kukaa kwenye kiti. Nilijifunza kuainisha, yaani kukipa kitabu namba kulingana na habari iliyomo, ili cha kuku kisikae na cha sala. Nilijifunza kupika gundi ya unga wa ngano na kufunga upya vitabu vilivyovunjika mgongo. Nilijifunza pia kufuta. Kufuta kitabu ni kukitoa katika mali ya maktaba: kinapigwa mhuri mwekundu, na kuanzia hapo hakiazimwi tena. Sijawahi kuupenda mhuri ule, na nasema wazi, mara nyingine niliuficha.

Ujamaa ulipopamba moto na kila mtu mzima akatakiwa ajue kusoma, nilihamishiwa Vwawa kushughulikia masanduku ya vitabu. Sanduku lilikuwa la mbao, lina mlango na kitasa, na ukilifungua linasimama lenyewe kama kabati. Tulilipakia kwenye Landrova tukalipeleka kijijini, likakaa huko kwa mwalimu wa kujitolea, baadaye tukalihamishia kijiji kingine. Mkubwa wangu wa hapo alikuwa Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, bwana mmoja mchangamfu mno, aliyeamini kwamba hakuna tatizo lisilotatulika kwa kugawana.

Shida yetu ilikuwa kwamba vitabu vingi vya kisomo vilihusu mbolea. Mbolea ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo. Lakini mwanamke aliyeshinda kwenye kahawa tangu asubuhi, ukimwita alasiri aje kusoma habari za samadi, atakuja mara moja tu. Kule Ruanda, kijiji cha hapo hapo Mbozi, darasa lilikuwa limekufa kabisa. Mwalimu wao, Mama Halinga, alijifunzia kusoma Mbozi Mission kwenye kwaya, akawa na sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Alinieleza bila kunung'unika kwamba siku hizo anafundisha viti vitupu.

Ndipo kikaja Mpishi wa Kisiwani.

Kilikuwa kitabu cha vituko. Meli inazama, na mpishi wake mnene aitwaye Tindo anaelea ndani ya sufuria kubwa mpaka kwenye kisiwa chenye minazi. Watu wa kisiwa wanaiona kofia yake ndefu nyeupe, wanamdhania hakimu, wanamletea kesi. Naye, kwa kuwa hajui sheria, anahukumu kwa anachokijua: "Ichemsheni hii kesi, punguzeni chumvi, iacheni ipoe." Nilikisoma Vwawa nikiwa peke yangu na nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Tulipewa nakala moja tu, na vituo vitatu vya kisomo vilikuwa vimekwisha kusikia habari zake: Ruanda, Mbebe na Tunduma mjini. Kila kimoja kikataka kianze. Afisa akafikiri kidogo, akaomba kisu cha kukatia karatasi.

"Dada Namwinga, mali ya umma hugawanywa sawa. Kikate vipande vitatu. Wakimaliza wanabadilishana."

"Bwana Afisa, hiki ni kitabu, si mkate."

"Ndiyo maana hakitaisha kikigawanywa. Mkate ungeisha."

Kikakatwa. Nilikitia kila kipande jalada lake la kitambaa. Cha mwanzo kikaenda Ruanda, cha kati Mbebe, cha mwisho Tunduma. Kisha masika yakaanza, barabara ya Mbebe ikageuka utelezi mtupu, mafuta ya gari yakawa ya kupatikana kwa kibali, na kule kubadilishana tulikopanga kukasahaulika.

Mvua zilipokwisha, Mkutubi wa Mkoa akaja Vwawa mwenyewe. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisema amepata malalamiko kwamba Mpishi wa Kisiwani kinafundisha uvivu na uongo wakati taifa linalima kufa na kupona, na kwamba yeye binafsi anaona kinastahili kufutwa.

"Mimi nimezaliwa kisiwani," alisema. "Umeusoma mwisho wake? Yule mpishi anawaibia wenyeji, anapanda sufuria yake anaondoka, na kitabu kinaisha kwa yeye kuwacheka. Watu wa kisiwani ndio wajinga. Sisi."

Nilikuwa nimeusoma mwisho ule, na mimi pia nilicheka. Niliona aibu nikatazama chini.

"Lakini mimi ni mtu wa haki," aliendelea. "Niletee maoni ya wasomaji. Wakisema hakina faida, lete mhuri."

Darasa la Ruanda lilikuwa limefufuka kwa ajili ya kitabu kile. Kingefutwa, kile kipande kingerudi Vwawa, na Mama Halinga angerudia kufundisha viti. Nikajisemea nitakusanya maoni mazuri mpaka achoke kuyasikia.

Nilianzia Tunduma, nyumbani. Kipande cha mwisho kilikuwa dukani kwa Bwana Shabani, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kondoa, na kilikwisha kupata madoa ya mafuta ya taa. Alikuwa anawasomea wasafirishaji waliokuwa wakisubiri forodha ifunguliwe, na mwenzake mmoja anawafasiria Wazambia kwa Kibemba.

"Maoni? Kitabu safi sana!" alisema. "Ila mwandishi hajui biashara. Mtu ameiba gunia la chumvi, anasafiri nalo bila kuuliza bei ya kule aendako? Na mimi sijaelewa: ile sufuria aliipata wapi?"

Niliandika: kizuri, biashara dhaifu. Nikaenda Mbebe kwa lori la viazi. Kipande chao kilianza pale Tindo amefungwa kwenye mnazi, baada ya hakimu wa kweli kufika kisiwani. Kwa nini amefungwa, hawakujua. Basi watu wa Mbebe walikuwa wameketi na kumfanyia kesi. Mwalimu Kibona, aliyekuwa akiwasomea, alinipokea kwa uso wa msiba.

"Dada, hiki kitabu kimetugawa. Upande huu wanasema mtu hafungwi bure. Upande ule wanasema angekuwa mwizi angekimbia. Wazee wawili hawasalimiani. Tuambie basi, alifanya nini?"

"Ni mpishi, akajifanya hakimu."

"Kumbe huyo aliyefungwa ndiye mpishi mwenyewe?"

Niliandika: kinaleta mjadala. Sikuandika kuhusu wale wazee.

Ruanda niliwakuta wamejaa, wanawake wengi kuliko wanaume, majembe yameegeshwa ukutani. Niliuliza maoni yao kuhusu kitabu cha kuchekesha. Wakatazamana. Mama mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Cha kuchekesha mwanzoni," alisema. "Lakini pale alipowaomba radhi, mimi nililia. Na alipowapikia wote, hata yule hakimu, nikalia tena."

Sikuelewa kitu. Katika kitabu kizima Tindo hamwombi mtu radhi. Nilimgeukia Mama Halinga, naye akanishika mkono akanitoa nje mpaka kwenye kahawa.

"Mdogo wangu, nisamehe," alisema. "Kipande chetu kilikwisha mtu amefungwa kwenye mti. Nikawaambia tusubiri kingine. Wakasubiri, gari haliji. Walianza kuacha kuja. Nikaogopa. Siku moja nikashika kitabu nikajifanya ninasoma, kumbe ninatunga. Nikasema amekiri kwamba yeye ni mpishi tu, hajui sheria. Wakamfungua. Akaiweka ile sufuria jikoni, akapika, wakampa shamba, akabaki. Hawa watu wamenikabidhi macho yao, nami nimewadanganya. Sema kweli: mwisho wake ndio huo?"

Nilimwangalia. Ningesema ndiyo, angelala vizuri. Nikasema, "Sio huo, mama." Akaketi chini kwenye majani ya kahawa, akaficha uso, nami nikaketi naye.

Nirudi Vwawa na maoni gani? Kitabu kinachekesha, kinaliza, kinagombanisha, hakijui biashara, na kinaisha kwa namna ambayo hakiishi. Nilimweleza Mkutubi wa Mkoa yote kama yalivyo. Alivua miwani akaisugua.

"Hawa wamesoma kitabu gani?"

"Hicho hicho, bwana."

"Nitakwenda mwenyewe. Chukua vipande vyote. Chukua na mhuri."

Tulifika Ruanda alasiri. Aliketi mbele, magoti pamoja, mhuri mwekundu mezani. Mama Halinga alisimama, na kabla hajafungua kitabu akawaambia watu wake ukweli: kwamba sehemu ya kuomba radhi haikuandikwa, aliitunga yeye kichwani. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Sasa tusomee ilivyoandikwa," alisema yule mama wa kitenge.

Akasoma kipande cha Mbebe, watu wakacheka. Akaingia kile cha Tunduma, kicheko kikapungua. Alipofika pale Tindo anapakia mali za wenyeji kwenye sufuria, mzee mmoja akagonga chini kwa fimbo.

"Huyo si mpishi wetu. Mpishi wetu hawezi kufanya hivyo. Tusomee mwisho wa kwetu."

"Wa kwetu haumo kitabuni, baba."

"Umo kichwani mwako. Soma."

Mama Halinga akamtazama Mkutubi wa Mkoa, kama mtu anayeomba ruhusa. Basi akafunga kitabu akasimulia, toka kwenye kamba ya mnazi mpaka kwenye chungu cha mwisho. Alipofika pale wenyeji wanaambiana, "Tulijua tangu siku ya kwanza kuwa ni mpishi, tulikuwa tunamwonea huruma tu," nilimsikia Mkutubi anatoa sauti. Kwanza nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na alikuwa hana habari kwamba tunamwona.

"Ndivyo walivyo," alisema. "Ndivyo kwetu walivyo."

Kisha akauchukua mhuri, akauzungusha mkononi, akautia mfukoni. Njiani alinigeukia amekunja uso. "Sasa Namwinga, niandike nini? Wasomaji wamekipenda kitabu ambacho hakipo." Mwishowe aliagiza vipande vyote vibaki Ruanda. Mbebe walinung'unika, na Bwana Shabani alinisema mpaka siku anahama mji.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikahudumia wakubwa wengine wengi, na nikastaafu nikiwa sijui bado maoni ya msomaji ni kitu gani hasa. Mwaka huu nilipita Ruanda kumwona Mama Halinga. Ni kikongwe, lakini ile sauti ipo. Sanduku letu lilikuwa kwenye kona ya chumba chake. Vipande viwili vya mwanzo vimechakaa mpaka kona zimekuwa duara, vimeshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa magunia ya kahawa. Cha tatu kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa, kina madoa yale yale ya mafuta ya taa ya Tunduma na hakuna doa jingine.

Nilikifungua, kwa sababu niligundua kwamba nimesahau kilivyoandikwa. Nakumbuka mwisho wa Mama Halinga tu.

"Weka hicho, mdogo wangu," alisema kutoka kitandani. "Hapo mwandishi alikosea."

Nikakifunga, nikakirudisha chini.