Dawa Niliyoichanganya na Maziwa

Nilipokuwa na miaka tisa, tukiishi Chanika, mdogo wangu Saidi alishikwa na kichomi. Alikuwa wa miaka mitatu. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akarudi na vidonge vya dawa mpya, tetrasaiklini, ambayo mganga alimwambia inaua vijidudu vya mapafuni. Mpunga ulikuwa umekomaa na mama alishinda shambani kufukuza ndege, kwa hiyo ikawa kazi yangu kumpa Saidi dawa mara nne kwa siku. Nilifungua ganda la kidonge, nikamimina unga wa njano kwenye kijiko, nikatia maji.

Unga ule ulikuwa mchungu na ulimchafua tumbo. Kila nikimpa alitapika, nikaogopa kwamba dawa yote inaishia mchangani. Nikaona nimpe na maziwa tuliyoletewa na jirani mfuga ng'ombe, kikombe kizima. Hakutapika tena.

Bibi, mama yake baba, aliniona. Kwetu ilisemwa kwamba maziwa huua dawa. Ndiyo maana mtu aliyelishwa sumu hukimbiziwa maziwa.

"Mke mwenza," aliniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "maziwa hayachagui. Yataua sumu, yataua na dawa."

"Hayo ni ya mizizi, bibi. Hii ni ya hospitali."

Akacheka, akasema mke mwenzake amesoma, yeye nani abishane na darasa la tatu. Nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Siku ya nne mbavu za Saidi zilikuwa zikibonyea kila akivuta pumzi. Nikamzidishia maziwa, nikiamini yanampa nguvu. Siku ya sita, asubuhi, mama alinituma kisimani. Niliporudi wanawake walikuwa wamekaa mkekani, na hakuna aliyenipokea ndoo.

Shule sikurudi. Nilimwambia baba kichwa kinaniuma, naye hakunilazimisha, nilikuwa msichana.

Mwaka jana nilimuuliza dresa mmoja wa hospitali ya Temeke, nikijifanya naulizia mtoto wa jirani. Alisema maziwa huishika ile dawa tumboni isiingie damuni. Zamani, alisema, hata wao hawakujua.

Huenda Saidi angekufa hata kwa maji matupu. Najiambia hivyo, wala hainisaidii. Bibi alizikwa bila kunitajia neno, na kimya chake kilinilemea kuliko fimbo. Mama husema ni kazi ya Mungu, kwamba dawa ilifanya ilivyoweza. Namjibu, "Ndiyo, mama," kisha naendelea kuchambua mchele.