Firigisi Tisa za Wabwile

Wabwile seremala aliacha kula kuku siku ya Pasaka, na sababu yenyewe ukiwaeleza watu wa Bungoma watacheka mpaka washike mbavu.

Ana karakana yake Kibomet, pale Kitale, anapotengeneza vitanda, makabati na majeneza ya dharura. Mteja wake mmoja, Jepkemboi, alifurahia kabati lake mpaka akamletea kuku wa shukrani. Kuku yule akahamia kwenye maranda, akawa anataga humo humo, na mchana anazunguka karakana akitazama kila kiungo cha mbao kana kwamba ametumwa na serikali. Wabwile akamwita Madam. Pasaka ikafika. Maji yalikuwa yanachemka, wageni wako sebuleni. Wabwile akatoka na kisu, akaita, "Madam!" Madam akaja mbio mabawa wazi, akidhani ameitiwa mahindi.

Alimchinja, kwa maana wageni ni wageni. Lakini alipoketi mezani tonge halikupita.

"Siwezi kula mtu ambaye nimemwita akakuja," akamnong'oneza mkewe.

"Huyo si mtu, ni kuku," akasema Chesang, ambaye ni wa Mlima Elgon na hapendi maneno yakirefushwa. "Na samaki je?"

"Samaki hajawahi kukuja nikimwita."

Chesang akaivuta sahani ya mumewe upande wake. Tangu siku hiyo nyumba yao ilikuwa na amani, kwa sababu mapaja yote mawili ya kuku yalikuwa ya Chesang.

Kitale jambo hilo halikumdhuru mtu. Taabu ilikuwa Misikhu, nyumbani alikozaliwa, na taabu yenyewe ilianza Agosti, mamake alipoteleza kwenye njia ya chemchemi akavunjika kifundo cha mkono. Mama Nangila ana miaka sabini na mitatu. Njia hiyo ni mteremko wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mbuzi hushuka kwa makalio. Mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, Bwana Wakoli, alikuwa ameahidi ngazi za saruji kwa miaka sita mfululizo. Kila mwaka alizizindua kwa maneno tu. Saruji ililetwa mara moja, ikakaa stoo kwake mpaka ikawa mawe.

"Nitagombea," Wabwile akamwambia mkewe. "Mbao za kumwagia saruji ninazo. Mikono ninayo. Mama hataanguka tena pale."

"Na kuku?" akauliza Chesang.

Hapo mke wake alikuwa amegusa penyewe.

Uchaguzi wa kamati hufanywa tarehe ishirini na saba Desemba, kwa kuwa Krismasi ndiyo wakati pekee watu wote wako nyumbani. Wa Nairobi wanarudi na viatu visivyojua tope, wa Kitale wanarudi na magunia ya mahindi, na kuku wa Misikhu wakiona mabegi yanashushwa barabarani wanaanza kulala juu ya miti. Mgombea naye hupita boma kwa boma. Kila boma humchinjia, na juu ya sahani yake, peke yake kama mfalme, huwekwa firigisi.

Firigisi si nyama ya mchezo huko. Huliwa na mwenye nyumba, au na mgeni mwanamume anayeheshimiwa. Mtoto akiila, mzee atauliza huyu mtoto ni wa nani. Mwanamke huiosha, huichambua, huipika, huipakua, na hapo ndipo safari yake na firigisi huishia. Mgeni akiikataa, maana yake ni mbili tu: ama anaogopa umemwekea sumu, ama amejiunga na dini ambayo jina lake halijulikani. Hapo kura sahau.

Wabwile akapiga akili. Mapaja na mabawa yalikuwa rahisi. Aliwagawia watoto wa boma akisema, "Watoto kwanza," na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Firigisi aliishika kwa heshima, akaipeleka mdomoni, akakohoa, na ikaishia ndani ya pakiti tupu ya unga iliyokuwa mfukoni mwa koti lake kubwa la kahawia. Kisha akatafuna hewa. Alitafuna hewa vizuri sana, akifumba na macho. Siku ya Krismasi alitafuna hewa kwenye boma nne, kesho yake kwenye boma tano.

"Umeona vile anakula?" wazee wakaambiana. "Huyo ni mtu wetu."

Kuzitupa hakuweza. Kila firigisi ilikuwa na Madam wake. Aliamua atazizika nyuma ya migomba asubuhi ya uchaguzi kabla ya mkutano, kimya kimya, hata na neno fupi la kuwaaga. Lakini Wakoli, ambaye siasa alianza kuifanya kabla ya kuota ndevu, alikuwa ameusogeza mkutano kutoka saa nne hadi saa mbili akitumaini wafuasi wa mpinzani watakuwa bado wamelala. Mjumbe akaja anahema, na Wabwile akatoka mbio na koti lake na firigisi zake tisa.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa. Kura huko hupigwa kwa mlolongo: kila mtu anasimama nyuma ya mgombea wake na watu wanahesabiwa. Wanaume wa zile boma tisa walijipanga nyuma ya Wabwile, wameshiba. Wanawake walisimama nyuma ya waume zao kama ilivyozoeleka. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, mpaka mbwa wa kwanza alipofika.

Alinusa koti. Wabwile akamsukuma kwa goti. Akaja wa pili, kisha wa tatu, ambaye alikuwa na njaa ya miaka mingi na hakuwa na adabu hata kidogo. Huyo aliuma mfuko, akavuta, na kitambaa kikapasuka kwa sauti iliyosikika mpaka madhabahuni. Firigisi zikamwagika kwenye nyasi mbele ya wapiga kura wote.

Wakoli aliwahi moja kabla ya mbwa. Akaiinua juu.

"Hii ni nini, jameni?"

Kukhu Edah, yaani Nyanya Edah, ajuza aliyekuwa amesimama karibu, akainyakua mkononi mwake na kuigeuza. "Hii ni yangu," akasema. "Mimi hukata msalaba hapa katikati. Wabwile, si nilikuona ukitafuna?"

"Mnaona!" Wakoli akapaza sauti, furaha imemjaa mpaka masikioni. "Mtu wa Kitale huyu! Amekuja kwenu, akaketi kwa viti vyenu, na kumbe anaogopa chakula chenu! Ati mmemwekea sumu! Na huyo ndiye mnataka kumpatia maji?"

Mlolongo wa Wabwile ukaanza kuyeyuka. Mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza nyuma yake alirudi hatua tatu akifuta mikono kwenye suruali. Wabwile alitafuta uso wa mamake kati ya watu, akamwona amesimama na ule mkono uliopona ukiwa umepinda, macho chini. Akaona heri aseme ukweli, maana uongo ulikuwa umekwisha kuliwa na mbwa.

Akawasimulia habari za Madam. Maranda, mayai, kuitwa, mabawa wazi, yote. Alipofika kwenye "mtu ambaye nimemwita akakuja," uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa Nairobi alilazimika kuketi chini.

"Ati kuku alikuwa Madam!"

"Si angemwandikia barua ya kustaafu, bana!"

Kukhu Edah peke yake hakucheka. Bado alikuwa ameshika firigisi yake. Akainua mkono, na kwa sababu ndiye aliyewazalisha nusu ya waliokuwepo, wakanyamaza.

"Wabwile, papa, baba yangu. Ukiwa mwenyekiti, kamati itakuwa inakula wapi?"

"Kwa boma, kukhu. Kila mwezi boma moja, kama kawaida."

"Na mwenyekiti ndiye anapewa hii."

"Ndiyo."

"Na wewe hukuli."

"Sikuli, kukhu."

"Sasa itakuwa inaenda wapi?"

Wabwile hakuwa amefikiria hilo. Mwanasiasa wa kweli angesema ataunda jopo. Yeye alisema neno la kwanza lililomjia.

"Si ikuliwe tu na yule amepika?"

Mbwa tu ndio waliosikika, wanamaliza ya nane. Kukhu Edah alikaza leso yake kiunoni, akatembea taratibu kuvuka nyasi, akasimama nyuma ya Wabwile. Akafuata mama mwingine. Kisha watatu kwa pamoja.

"Mama Hillary, unaenda wapi?" mume mmoja akaita.

"Naenda kuchota maji," akajibu bila kugeuka.

Walivuka wote wanaobeba mitungi, na wanaobeba mitungi ndio wengi. Wengine walivuka wakicheka, wengine wamekaza uso kama wanaenda kubatizwa. Mke wa Wakoli alibaki upande wa mumewe, lakini alibaki akiwa amegeukia kule kwingine. Hesabu ikawa hamsini na mbili kwa thelathini na moja. Wakoli akadai mbwa walipangwa.

Mwishoni mwa Januari ngazi kumi na nne zilikuwa zimekauka, na Mama Nangila alizishuka na kuzipanda mara tatu siku ya kwanza bila hata kubeba maji. Kamati ikala chakula chake cha kwanza bomani kwake. Alipika mwenyewe, akapakua, na kwa mazoea akaiweka firigisi mbele ya mwenyekiti. Mwanawe akaisukuma sahani ikarudi kwa mamake.

Alitazama mlangoni, kama vile marehemu mumewe angeweza kuingia wakati wowote. Miaka zaidi ya sitini alikuwa ameipika, na hajawahi kujua ladha yake. Akaichukua. Akaitia mdomoni. Akatafuna, akatafuna, akabadilisha upande, maana meno hayakuwa sawa pande zote mbili. Kamati nzima ilikuwa imeacha kula. Chesang aliacha hata paja.

"Baba yako alikuwa anafunga macho akikula hii," akasema hatimaye. "Mimi nasimama hapo kwa mlango nikifikiria, sijui ni tamu namna gani!"

"Na je, mayi?" akauliza Wabwile.

"Ni ngumu kama kiatu." Akameza, akajifuta midomo, akawatazama wanaume mmoja baada ya mwingine. "Lakini msifikirie nitawarudishia."