Rafu ya Dunia

Haya ninayowasimulia hapa mlangoni pa maktaba hamtayaamini, na mkiniita mwongo mtakuwa mmejiunga na mke wangu. Karani wa humu ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Kila asubuhi hufungua kabati la mafagio, lililoandikwa NYINGINEZO. Humo ndimo walimofungiwa Wahindi, Waarabu, Wachina, na sie Waswahili wenyewe! Rafu ya mbele, iliyoandikwa FASIHI YA DUNIA, ni Wazungu watupu. Jamani, hiyo ni haki? Mie niliishia la saba, lakini dunia naijua, nimefika mpaka Kunduchi. Basi yeye huvitoa vitabu kimoja kimoja, huvifuta vumbi kwa ncha ya khanga, huvipanga mbele. Jioni bosi wake huvirudisha kwenye mafagio. Mwaka wa pili huu, na hajawahi kugomba. Kesho yake anaanza upya.

Leo kaja mkaguzi, kafoka, "Nani kawaleta hawa kwenye Dunia?" Karani akaendelea kufuta. "Kwani mzee, hawa wanaishi wapi?" Nawaapia, yule mkaguzi alivua viatu, akatimua mbio mpaka gereza la Ukonga, askari wakamfungulia geti wakidhani...

"Anko, hajakimbia mtu," karani akanikatisha bila kugeuka. "Yuko ofisini anaandika barua ya kunihamisha. Hebu nipokee hawa Wahindi, uwapange pale mbele."