Jioni Utapika Nini?

Juzi kule Makere nilimkuta mama mmoja kakaa mlangoni, mikono kichwani. Lori la kuwahamishia wanakijiji kwenye kijiji kipya lilikuwa barabarani linapakia, na yeye hajatoa hata kigoda. Nyumba imejaa mpaka darini: vikapu, vibuyu, majembe mabovu, magunia matupu.

"Nianze na kipi?" akaniuliza.

Nikamwambia aanze na vikubwa. Akazidi kuduwaa.

Jirani yake akaja, akachuchumaa mbele yake. "Mwenzangu, jioni huko utapika nini?"

"Maharage."

"Ndani ya nini?"

Mama akainuka, akaleta chungu.

"Ugali utasongea nini?"

Akaleta mwiko.

"Wajukuu watalalia nini?"

Akaleta mkeka. Wakaenda hivyohivyo, swali moja kitu kimoja, na dereva alipopiga honi mzigo ulishapakiwa.

Nikachungulia ndani, bado kumejaa. "Na hivi, mama?"

"Hivyo nilikuwa namtunzia mgeni. Akija, atavikuta, mlango uko wazi." Akapanda lori.

Niliporudi chumbani kwangu Kasulu nikajiuliza jioni nitapika nini. Nikakuta nina redio mbovu mbili, na sufuria sina.