Shuka la Masanja

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Mizani ilining'inia barazani pa zahanati, akina mama walikuwa wamepanga kadi zao kwenye benchi kushika foleni, na mbele yetu mpunga wa Usangu ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Ndipo tukaona vumbi ng'ambo ya mfereji. Mama mmoja akasema, "Ng'ombe hao. Wameingia shambani."

Wageni hukiita kisa kile mgogoro. Sisi tuliokuwepo tunasema vita.

Mlio wa bunduki niliusikia mara mbili. Akina mama walibeba watoto wakakimbia. Kadi zilibaki kwenye benchi.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Festo, mkulima, jirani yangu tangu utotoni, amekatwa panga mkononi. Ndugu zake walijaa mlangoni na mapanga yao.

"Dada Atu, nakufa! Nikifa nani atavuna?"

"Mtu anayekufa hapigi kelele hivyo," nilimjibu. Nilikandamiza kidonda, nikafunga bendeji kwa nguvu. Damu ikapungua, kisha ikakoma.

Wa pili alikuwa Masanja, kijana wa kifugaji, Msukuma, aliyepigwa rungu ubavuni. Aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na Kabula, mama wa mkewe. Alilala kimya, amejifunika shuka hadi shingoni.

"Unaumia wapi?"

"Hapa, kidogo tu."

Nilimshika mkono. Mapigo yalikwenda mbio. Nilijiambia ni hofu. Nilipotaka kumfunua alilishika shuka kwa mikono miwili, akamtazama Kabula, akageuza uso ukutani. Nimeishi na Wasukuma miaka mingi. Nilijua mwanamume hajifunui mbele ya mkwewe, wala haugulii maumivu. Basi nikampapasa tumbo juu ya shuka, haraka, nikaona nimemheshimu.

Darajani kulikuwa kumewekwa magogo, gari lisingepita. Pikipiki iliyokubali kwenda hospitali ilikuwa moja.

"Mmoja tu, nesi," alisema dereva. "Na sirudi."

"Mtu wetu kwanza!" sauti ilitoka mlangoni. "Au siku hizi mnatibu wenye ng'ombe?"

Nilijua damu ya Festo imekoma. Nilijua pia kwamba mapigo ya Masanja sikuyapima mara ya pili.

"Mpakieni Festo," nikasema.

Pikipiki iliondoka. Mapanga nayo yakaondoka mlangoni.

Niliporudi kitandani, mkono wa Masanja ulikuwa wa baridi.

Nikamwomba Kabula atoke.

Alitoka mara moja.

Masanja akaliachia shuka mwenyewe. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ubao.

"Inauma sana, nesi," alinong'ona. "Tangu kule shambani."

Nilitundika dripu, chupa pekee iliyokuwepo. Damu ya kumwongezea hatukuwa nayo. Alikata roho jua likiwa bado juu.

Watu walisema nilimchagua wa kwetu. Wengine walinitetea, wakasema na mapanga yale mlangoni nani angethubutu. Niliyaogopa kweli, lakini sijifichi nyuma yake. Kabla ya mapanga kusema neno, nilikuwa nimekwisha kukubali shuka linizuie kuona, kwa sababu lilinirahisishia kuamua. Kama ningeliona tumbo lile, sijui kama ningepata ujasiri wa kumsubirisha Festo. Hilo ndilo linalonikosesha amani: sikujipa hata nafasi ya kujua.

Sasa nafanya kazi Iringa. Wauguzi wanafunzi nawaambia watoe ndugu nje kwanza, ndipo wamguse mgonjwa. Mkono wa Festo ulipona. Kila mavuno hunitumia mchele. Ulikuwa mkono unaoweza kusubiri.

Jioni ile Kabula aliniuliza mkwewe amekufa kwa nini. Nilimweleza yote, na la shuka pia. Alikuwa akimfunga kwa shuka lilelile, tayari kumrudisha kwenye mkokoteni. Alimaliza fundo kwanza.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "ungeniambia mapema nitoke, ningetoka."