Askari wa Bomba la Rongai

Wamalwa hakuwahi kuibiwa kitu akiwa zamu, na alitaka Rongai nzima ijue hivyo. Mwaka wa hamsini na sita, Gurbachan Singh, fundi wa majengo kutoka Nakuru, alimwajiri alinde bomba moja tu la chuma. Askari aliyemtangulia alifutwa kwa kupoteza koleo. Basi Wamalwa, mwenye mke na watoto wa kulisha, alikaa hapo macho kodo, rungu mkononi.

Palitakiwa kujengwa ghala la mahindi, lakini chini ardhi ilikuwa tope tupu. Gurbachan alirundika kilima cha udongo juu yake, uzito uishindilie kwanza. Bomba lilisimama katikati, mguu wake umekalia bamba lililozikwa chini ya rundo, ncha yake ikichomoza juu. Kisha akavuta uzi kati ya nguzo mbili za pembeni, penye ardhi ngumu, ukagusa ncha ya bomba. Akarudi mjini bila kueleza lolote, maana mabwana wa siku hizo waliona maelezo ni hasara.

Alipokuja tena, uzi ulikuwa bado umegusa bomba.

"Ardhi imeshika!" akafurahi. "Kesho toa udongo, anza jenga!"

Wamalwa akatunisha kifua. "Bwana, mimi nachunga mzuri. Hii bomba inashuka kila siku, lakini mimi nateremsha uzi, inakuwa sawasawa."

Gurbachan aliketi palepale udongoni. "Wamalwa! Mimi nataka ishuke! Ikimaliza kushuka ndiyo nyumba itasimama. Sasa nijenge juu ya uji?"

Mimi ningecheka. Wamalwa aliona aibu, akatafuta alama ya fundo la kwanza kwenye nguzo, akaurudisha uzi. Tangu hapo akawa mtangazaji. "Imeshuka tena!" aliwapigia kelele wapita njia, kana kwamba ng'ombe wake amezaa.

"Na ikikataa kushuka, utachunga nini?" mkewe Namalwa akamwuliza.

Wamalwa alijua bomba likitulia, kazi imekwisha.

Mvua zilikuja zikapita, na pengo kati ya uzi na bomba likakoma kuongezeka. Angeupandisha uzi kidogo tu, bomba lionekane bado linashuka, apate mshahara wa mwezi mwingine. Nani angejua? Lori la Gurbachan lilipofika, lilimkuta Wamalwa barabarani, rungu begani.

"Bwana, imekataa kushuka. Toa udongo."

Gurbachan hakupanda kuangalia. Aligeuka, akawaita vibarua wachukue majembe.